Hesabu hatua kwanza: lupu, kutafuta na kupanga kwa anayeanza programu

Watu wengi wanaoanza kujifunza programu hapa kwetu Uganda wanakwama sehemu moja, na sehemu hio sio Kiingereza wala hesabu ngumu. Wanajua kuandika lupu, wanajua kuandika if ya kuweka sharti, programu inaleta jibu na wanafurahi, alafu siku listi inakuwa kubwa programu inaanza kuchechemea na lawama zote zinaenda kwa leptopu, eti RAM ndogo. Mara nyingi leptopu ya watu haina kosa. Shida iko kwenye idadi ya hatua ambazo mtu ameiagiza mashine ipige bila mwenyewe kujua. Hapo ndo nataka tukae leo, pole pole, na mfano tutakaotumia ni mmoja tu.

Mfano ni sacco ya bodaboda. Chukulia iko Arua, ina wanachama 1,000, na kila mmoja ana jina, namba ya uanachama, steji anayopaki na namba ya simu. Zamani yote yalikuwa kwenye kaunta buku la katibu, sasa yameingizwa kwenye kompyuta na wewe ndo umeitwa uandike programu.

Tuanze na lupu. Lupu ni kuiambia kompyuta irudie kitu kilekile mara nyingi, basi. Unataka kila mwanachama apate SMS ya mkutano wa Jumapili, huwezi kuandika mistari 1,000, unaandika mmoja na kuuzungusha. Kwa Python, lugha ya programu tutakayotumia leo, inakuwa hivi:

for mwanachama in orodha:
    tuma_sms(mwanachama)

Hio ya for ni pole, inatembea kwenye listi mpaka mwisho na kusimama yenyewe. Kuna ya while, hio inaendelea maadamu sharti ulilompa bado ni kweli, na kabla hujagusa kibodi lazima ujue mambo matatu: inaanzia wapi, inasimama lini, na ni kitu gani kinabadilika kila mzunguko ili ile saa ya kusimama ifike kweli. Hilo la mwisho ndo husahauliwa sana. Ukilisahau programu inazunguka milele, feni ya leptopu inaanza kupiga kelele, na kama ndani ya lupu umeweka kutuma SMS basi kuna mtu mmoja maskini atapokea ujumbe uleule mpaka bando la sacco liishe.

La kusimama nalo lina ujanja wake. Python ukiiambia range(1, 1000) inakupa 1 mpaka 999, elfu yenyewe haimo. Tena listi inaanza kuhesabiwa kwenye sifuri, kwa hio mtu wa kwanza yuko nafasi 0 na wa elfu yuko nafasi 999. Mwanzoni inakera, lakini ukiichukulia nafasi kama umbali kutoka mwanzo wa listi inakubali, manake wa kwanza hana umbali wowote. Sasa changanya hizo mbili, utumie range(1, 1000) kutembea kwenye listi inayoanza sifuri: watu 999 watapata SMS na wa kwanza hatapata, na kwa bahati ya wana-programu wa kwanza kwenye listi huwa ni mwenyekiti. Kompyuta haitasema kitu. Hakuna maandishi mekundu, hakuna kilio, programu imemaliza kazi vizuri kabisa kwa macho yake.

Haya, kutafuta. Jamaa anakuja dirishani anasema anaitwa Adriko, anataka kujua mkopo wake umebaki shilingi ngapi. Njia ya kwanza inayokuja kichwani ni lupu ya kuanzia juu: huyu ni Adriko? Hapana. Huyu? Hapana. Akiwa wa kwanza umempata kwa hatua 1, akiwa wa mwisho umepiga hatua 1,000, kwa wastani ni kama 500. Na kama jamaa sio mwanachama kabisa, lazima umalize wote 1,000 ndo uwe na haki ya kumwambia hayupo. Watu hawalifikirii hili, kwamba kwenye kutafuta, jibu la "hayupo" ndo ghali kuliko yote.

Lakini ukweli usemwe, kwa wanachama 1,000 hio njia inatosha. Hata simu ya bei ya chini inamaliza kabla hujapepesa jicho, kwa hio anayekwambia njia ya moja moja ni ya wajinga mwache aende. Maneno yanabadilika listi ikikua. Sensa ya 2024 ilihesabu watu karibu milioni 45.9 Uganda. Ukiwa na listi ya hao wote na kila anayeuliza unamtafuta mmoja mmoja toka juu, na wanaouliza ni maelfu kwa wakati mmoja, hapo leptopu haitakuokoa na hata ile mashine kubwa ya seva itatoa jasho.

Sasa tuseme listi ya sacco imepangwa kwa alfabeti. Badala ya kuanzia juu, unaruka moja kwa moja katikati. Katikati unamkuta Mugisha. Adriko anakuja kabla ya Mugisha, kwa hio Mugisha na wote walio chini yake unawatupa, nusu ya sacco imeondoka kwa swali moja tu. Kilichobaki unakata tena katikati, unatupa nusu, unakata tena. Hesabu inashuka hivi: 1,000, 500, 250, 125, 62, 31, 15, 7, 3, 1. Maswali 10 na umefika, na kama hayupo pia unajua ndani ya maswali 10 hayohayo. Kwa listi ya watu milioni 1 ni maswali 20. Kwa Uganda nzima ni 26. Na idadi ya watu ikija kuwa mara mbili, unaongeza swali 1, inakuwa 27. Hapa ndo wengi wanagoma kuamini, wanaona kama kuna kiini macho, lakini chukua kalkuleta ya simu yako uandike 45,900,000 ugawe kwa 2 mpaka ufike chini ya 1 uone utabonyeza mara ngapi.

Sharti ni moja, listi iwe imepangwa kweli. Kompyuta haikagui. Ukiipa listi iliyovurugika ukaiambia ikate katikati, itakata, itatupa nusu ambayo Adriko yumo, na itakujibu kwa heshima zote kwamba hayupo.

Kwa hio kuna bili ya kulipa kwanza, bili ya kupanga, na hio bili inategemea unapanga vipi. Njia wanayofundishwa karibu wanafunzi wote ni ile ya kulinganisha majirani, wenyewe wanaiita babo soti (bubble sort). Tuchukue watu wanne wamekaa hivi: Okello, Candiru, Wafula, Adriko. Unalinganisha Okello na Candiru, wamekaa vibaya, unawabadilisha. Okello na Wafula wako sawa, unapita. Wafula na Adriko vibaya, unawabadilisha. Mzunguko wa kwanza umeisha kwa hatua 3 na listi ni Candiru, Okello, Adriko, Wafula, na Wafula tayari yuko kwake mwisho, hatumgusi tena. Mzunguko wa pili hatua 2, Adriko anapanda juu ya Okello. Wa tatu hatua 1, Adriko anapanda juu ya Candiru na kazi imeisha. Jumla hatua 6 kwa watu wanne. Sio mbaya, si ndio?

Ngoja sasa tupeleke kwa sacco nzima. Mzunguko wa kwanza hatua 999, wa pili 998, wa tatu 997, mpaka 1. Jumlisha zote unapata 499,500. Karibu nusu milioni kupanga watu elfu moja! Sababu ni kwamba hii ni lupu ndani ya lupu, kila mtu anazungushwa karibu na kila mtu, na tabia ya lupu ndani ya lupu ni kwamba listi ikiwa mara mbili kazi inakuwa mara nne. Wanachama 2,000 wanahitaji hatua 1,999,000. Ukiona lupu ndani ya lupu kwenye programu yako usikimbie, ila simama ujiulize listi itafika ukubwa gani.

Kuna njia nyingine aliyoileta mwanahisabati John von Neumann mwaka 1945, na uzuri wake ni kwamba inatumia ujanja uleule wa kukata nusu. Listi unaigawa mara mbili, kila nusu unaigawa tena, mpaka kila kipande kina mtu mmoja, na mtu mmoja tayari amepangwa, utampanga na nani? Alafu unaanza kuunganisha. Kuunganisha vipande viwili vilivyokwisha kupangwa ni rahisi manake unaangalia wa mbele tu wa kila kipande, anayetangulia unamchukua, wengine wa nyuma huwaulizi kitu. Kwa wanachama 1,000 njia hii haizidi kulinganisha mara 9,000. Linganisha na ile 499,500.

Kwa listi ya sacco tofauti hio hutaihisi kwa mkono. Ipeleke kwa watu milioni 45.9, na tuseme leptopu yako inalinganisha mara milioni 100 kwa sekunde. Njia ya majirani itachukua miezi kama minne, usiku na mchana, umeme usikatike. Njia ya von Neumann itachukua kama sekunde 12. Leptopu ni ileile, RAM ni ileile. Ndo maana nasema kabla hujaenda mjini kuulizia bei ya mashine mpya, hesabu hatua.

Njia maarufu zaidi pengine ni ya Tony Hoare, Mwingereza aliyekuwa mwanafunzi Moscow mwaka 1959 akihangaika na kompyuta ya kutafsiri Kirusi, akahitaji njia ya haraka ya kupanga maneno ya sentensi ili ayatafute kwenye kamusi. Unamchagua mtu mmoja awe kigezo, wanaomtangulia wanaenda kushoto, wanaomfuata wanaenda kulia, alafu kila upande unafanyiwa vilevile. Inakimbia sana, ila ina kichekesho chake: ukiwa unachagua kigezo kuwa mtu wa kwanza kila mara, na listi tayari imepangwa, upande wa kushoto unabaki mtupu kila mzunguko, hakuna kukatwa nusu, na unarudi kwenye ile nusu milioni ya hatua. Yaani listi iliyo tayari ndo inayoiumiza kuliko iliyovurugika. Dawa yake ni kuchagua kigezo cha bahati nasibu au cha katikati.

Na listi za kweli duniani mara nyingi zimeshapangwa nusunusu. Sacco ilipangwa mwezi jana, wiki hii wameingia vijana 12 wapya wakabandikwa chini. Tim Peters aliliona hilo, na mwaka 2002 akaiandikia Python njia inayotafuta kwanza vipande ambavyo viko sawa tayari, ikaviacha kama vilivyo na kuviunganisha. Java, lugha nyingine ya programu, nayo ikaiazima baadaye. Kwa hio kwenye kazi ya kila siku unaandika orodha.sort() na kwenda nyumbani, na binafsi naona babo soti inafundishwa muda mrefu kupita kiasi. Ifundishwe siku moja ili mtu aone nusu milioni kwa macho yake, alafu iwekwe kando.

Swali ambalo mwalimu huliruka ni hili, je inafaa kupanga au nisipange? Rudi kwenye hatua. Kupanga kwa njia nzuri kunakula kama hatua 9,000. Kutafuta bila kupanga kunakula 500 kwa wastani, kutafuta ukishapanga ni 10 tu, kwa hio kila mtu anayeulizwa unaokoa 490. Gawa 9,000 kwa 490 unapata 18 na kidogo. Maana yake wakija watu 19 dirishani gharama yako imerudi, kuanzia hapo ni faida tupu. Lakini kama unamtafuta Adriko mara moja tu na hutarudi tena kwenye hio listi, kupanga ni kujichosha bure.

Kuna faida nyingine ya kupanga ambayo sio ya kutafuta hata. Tuseme unashuku sacco ina wanachama hewa, mtu mmoja kaandikishwa mara mbili ili achukue mikopo miwili. Kumlinganisha kila mtu na kila mtu ni ileile 499,500. Panga listi kwanza kwa namba za simu, na waliorudiwa wote watajikuta wamekaa jirani kwa jirani, unapita mara moja kutoka juu mpaka chini, hatua 999, na wezi wako mkononi.

Wako mkononi kama namba ziliandikwa kwa njia moja, lakini. Hapa ndo programu nzuri zinafia. Mtu mmoja kaandika namba yake ikianza na 077, mwingine kaiandika namba hiyohiyo ikianza na +256, na ya tatu imepita kwenye Excel ikameza ile sifuri ya mbele ikabaki 77. Kwako ni simu moja, kwa kompyuta ni maandishi matatu tofauti, na yakipangwa yanakaa mbalimbali kabisa: zenye alama ya kujumlisha juu kabisa, zenye sifuri zinafuata, za saba huko chini. Majina ni hivyohivyo. Ssemakula na Semakula anaweza kuwa mtu mmoja ambaye karani tofauti kamwandika tofauti, lakini katikati yao wataingia Sentongo, Simiyu na wengine kibao. Mtu aliyeandikwa "adriko" kwa herufi ndogo atatupwa nyuma ya Wafula, manake ndani ya kompyuta herufi kubwa zote zinatangulia herufi ndogo zote. Na namba za uanachama zikihifadhiwa kama maandishi, mpangilio unakuwa 1, 10, 100, 1000, 101, na 9 inakuja baada ya 10, kwa sababu maandishi yanalinganishwa herufi kwa herufi kutoka kushoto. Kwa hio kabla ya kupanga, safisha. Namba zote ziwe na sura moja, majina yote ya kulinganishia yawe herufi ndogo, na namba za uanachama zigeuzwe kuwa namba kweli.

Alafu listi iliyopangwa kwa majina haimsaidii anayekuja na namba ya simu peke yake. Ni kama haijapangwa. Kwa yeye utahitaji listi ya pili iliyopangwa kwa simu, au ile dikshonari ya Python ambayo inapiga hesabu kwenye namba yenyewe na kuruka karibu moja kwa moja mpaka kwenye nafasi yake. Inachukua nafasi zaidi ya memori, lakini kwa kazi ya dirishani mimi ningeitumia hio.

Turudi kwenye kukata nusu, manake kuisema ni rahisi na kuiandika ni balaa. Iko hivi, ndani ya fankshoni inayopewa orodha na jina (jibu la -1 maana yake hayupo):

chini = 0
juu = len(orodha) - 1
while chini <= juu:
    kati = (chini + juu) // 2
    if orodha[kati] == jina:
        return kati
    elif orodha[kati] < jina:
        chini = kati + 1
    else:
        juu = kati - 1
return -1

Mistari kumi na moja tu. John Mauchly aliielezea njia hii hadharani mwaka 1946, lakini toleo linalofanya kazi kwa listi ya ukubwa wowote lilichapishwa mwaka 1960 tu, na Derrick Lehmer. Miaka 14 kwa wataalamu! Na bado haikuisha. Mwaka 2006 Joshua Bloch alitangaza kwamba toleo aliloliandika yeye mwenyewe ndani ya Java, lililotumika dunia nzima kwa miaka kama tisa, lina kosa. Kosa liko kwenye ule mstari wa kati. Namba ya kawaida ya Java haipiti 2,147,483,647, kwa hio listi ikizidi vitu bilioni 1 hivi, chini ukiijumlisha na juu inapita hapo, inageuka kuwa hasi, na programu inakwenda kutafuta nafasi ambayo haipo. Dawa ni kuandika chini + (juu - chini) / 2, jibu ni lilelile lakini jumla haifuri. Python namba zake hazina ukomo huo kwa hio pale juu tuko salama, ila ukihamia Java au C kumbuka.

Ukiiandika mwenyewe usiijaribu kwa listi ya watu 1,000, makosa yanajificha huko. Ijaribu kwa listi tupu, alafu ya mtu mmoja, alafu ya wawili. Ya wawili ndo inafichua. Weka Adriko nafasi 0 na Candiru nafasi 1, umtafute Candiru, lakini badala ya chini = kati + 1 andika chini = kati peke yake. Chini ni 0, juu ni 1, kati inakuwa 0 kwa sababu nusu inatupwa. Adriko anakuja kabla ya Candiru, kwa hio chini inapewa kati, yaani 0, palepale ilipokuwa. Mzunguko unaofuata kati ni 0 tena, na unaofuata, na unaofuata, na Candiru yuko hatua moja pembeni haulizwi kitu.